Uji wa Saa Kumi na Moja

Maneno haya niliyasema Ngamiani, mjini Tanga, mbele ya wazazi, vijana wanaojitolea na wahudumu wa afya, tulipokutana kuelekea tarehe 26 Juni, siku ya kupiga vita dawa za kulevya. Wengi wamenilaumu kwamba habari ziliwafikia kikao kimeshakwisha. Mjukuu wangu alirekodi kwa simu, kisha akaandika. Mimi nimepunguza tu pale nilipokohoa na pale nilipozunguka sana.

Asalaam alaikum.

Bwana Yesu asifiwe.

Na nyie wa kule nyuma mnaosubiri soda tu, hamjambo?

Mshereheshaji amenitambulisha hapa kuwa ni mtaalamu wa urekebishaji. Nimegeuka nyuma kumtafuta huyo mtaalamu. Jamani, mimi ni mpishi. Napika kwenye nyumba ya soba, wanakokaa watu wanaoacha dawa za kulevya, hapa hapa Tanga, mwaka wa tisa huu. Sikusomea ushauri nasaha, sikusomea dawa. Ninachokijua ni sufuria, na namna mtu anavyoshika kikombe.

Naomba nianzie kwenye hicho kikombe.

Kijana akiletwa siku ya kwanza, mara nyingi anakuja bado ana kitu kichwani, anacheka, anasema "mama shikamoo" mara tatu. Mwache. Yakipita masaa manane, masaa kumi na mawili tangu kete yake ya mwisho ya unga, yaani heroini, arosto inapiga hodi, ndiyo yale mateso ya kuikosa. Miayo haikwishi. Kamasi kama mtoto wa chekechea. Vinyweleo vimemsimama, ngozi kama ya kuku aliyenyonyolewa. Siku ya pili na ya tatu ndiyo moto wenyewe: anatapika, anaharisha, mifupa inamuuma, usingizi hakuna. Mpelekee wali wa nazi saa hiyo uone. Utaurudisha jikoni, na wewe utarudi umetukanwa.

Mimi nampa uji wa mchele, mwepesi, chumvi kidogo na sukari. Nampa kikombe nusu. Kwa nini nusu? Kwa sababu mikono inatetemeka. Kikombe kikijaa kitammwagikia kifuani, na mtu akimwagikiwa mbele ya wenzake anaona aibu, na mwenye aibu huutafuta mlango. Hilo sikufundishwa kwenye semina yoyote. Nimelijua kwa kupiga deki.

Siku ya tano au ya sita utamwona kashika kikombe kwa mkono mmoja. Siku ya kumi anachungulia dirisha la jiko: "Mama, leo kuna nini?" Mtu akishauliza leo kuna nini, huyo karudi duniani. Na akisharudi, jamani, anakula! Anakula kama nzige walioshuka Handeni. Na sukari ndiyo usiseme. Mtu aliyeacha unga anaitaka sukari kama mjamzito anavyoutaka udongo. Mhasibu wetu yuko pale, anajua ninachosema. Anafikiri nauza.

Haya. Niliambiwa nizungumzie namna mtu anavyopata maana katika kazi hii ya kuwasaidia waraibu. Nimelala na hilo swali siku tatu. Maana ni nini? Inapatikana wapi? Kwa sababu mimi sikuja kutafuta maana. Nilikuja kutafuta mshahara.

Msicheke. Nilikuwa na genge la chai na mihogo, mtaji ukakatika. Nikasikia kuna nyumba inatafuta mpishi. Nikaenda. Kuambiwa ni nyumba ya mateja, nikasita. Kuambiwa mshahara, nikakaa. Wiki ya kwanza nilikuwa nahesabu vijiko kila nikimaliza kuosha, maana jirani aliniambia kijiko ndicho jiko lao, ndimo wanamochemshia. Vijiko ishirini na nne. Nahesabu asubuhi, nahesabu usiku. Watu nilikuwa siwahesabu.

Nani hapa aliianza kazi hii kwa wito? Nyoosheni mikono. Haya, nawaona. Mungu awazidishie. Sisi tulioanza kwa njaa tupo pia, na hatujambo.

Sasa niwaambie kosa langu. Ni kubwa, na nataka kukaa nalo kidogo.

Alikuja kijana mmoja, nitamwita Kijana wa Sahare, jina lake libaki kwake. Baharia wa ngalawa. Alipopata nafuu akawa haondoki jikoni. Anakuna nazi, anakaa kwenye mbuzi miguu imenyooka kama mwanamke wa Pangani, wenzake wanamcheka, yeye hajali. Anajua kuchuja tui la kwanza na la pili. Nikampenda. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tano, wa saba. Miezi saba yu soba! Akija mgeni kutoka mkoani, mimi nitamwita: "Njoo, baba, wakuone." Akija mfadhili: "Njoo wakuone." Shangazi yangu akija kunisalimia tu: "Njoo wakuone."

Ijumaa moja nimerudi kutoka sokoni. Kijana hayupo. Na sufuria ya pilau haipo. Ile kubwa, ya watu hamsini, yenye masikio mawili. Ilikwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, tukaambiwa baadaye, kwa bei ya kete chache.

Nililia. Nikavua kanga ya kazi, nikasema mimi na nyumba hii basi. Nikakaa kwangu wiki tatu.

Wiki tatu nimelala chali nayatazama mabati, najiuliza: hivi nalia nini? Nalia sufuria? Sufuria si yangu. Namlilia yeye? Basi mbona sikwenda kumtafuta? Mbona kila nikimfikiria neno linalonijia ni "baada ya yote niliyomfanyia"? Wazazi mliopo, na kina dada wa kliniki, nani hajawahi kulisema neno hilo? Baada ya yote niliyokufanyia!

Nilidhani nampenda. Kumbe nilikuwa namdai.

Nilimpa uji, nikataka anilipe kwa kupona. Nilimpa kitanda cha karibu na dirisha, nikataka anilipe kwa kuonekana mbele ya wageni. Nilimfanya cheti changu, nikamtundika ukutani, na cheti kilipoanguka nikaona ni mimi niliyefeli. Kumbe nilikuwa namdai! Na mtu anayedaiwa na kila mtu, baba anadai, mke anadai, mwenye duka anadai, leo na mpishi naye anadai, mtu huyo atakimbilia wapi? Si atakwenda maskani, kijiweni kwa watumiaji wenzake, ambako hakuna anayemdai isipokuwa muuzaji?

Nilirudi kazini. Mshauri wetu aliniambia jambo nililotakiwa kulijua tangu mwanzo. Ugonjwa huu hurudi, kama presha inavyorudi mtu akiacha vidonge, kama sukari inavyopanda mtu akila halua ya harusini. Mwenye presha akianguka hatumwiti mwizi. Tena akaniambia lenye kutisha zaidi: mtu aliyekaa miezi bila unga, mwili umeshausahau. Akirudi na kipimo kile kile cha zamani, ndipo wengi wanapofia. Basi anayeondoka nyumbani kwetu leo tunamsindikiza hadi barabarani, tunamwambia njia ya kurudi anaijua. Matusi tumeyaacha. Tusi linaweza kuwa ndilo neno la mwisho alilolisikia kwetu.

Kijana wa Sahare hakufa, alhamdulillahi. Na hapa nitawaudhi wenzangu wa soba, mtanisamehe.

Sisi wa soba tulikuwa tukiiona foleni ya methadoni, dawa ya kliniki wanayopewa waraibu badala ya heroini, tunaguna. Tunasema hao wamebadilisha kilevi tu, wametoka kwa muuzaji wamekwenda kwa serikali. Na mimi niliguna. Hadi nilipopata habari kwamba kijana wangu yumo kwenye foleni ile.

Basi nikauliza. Mpishi akiuliza anajibiwa, kwa sababu watu wanataka kula. Nikaambiwa walioifanya dawa hii kuwa tiba ya kila siku ya waraibu wa heroini ni madaktari wa New York miaka ya 1960, Vincent Dole na mwenzake Marie Nyswander, mwanamke aliyekuwa ameshaona wagonjwa wanatibiwa, wanatoka, wanarudia, wanatibiwa tena. Nikaambiwa heroini inakupandisha na kukushusha mara kadhaa kwa siku, na kila ikikushusha arosto iko chini inakungoja. Methadoni inakaa mwilini siku nzima. Mtu anakunywa mara moja, mbele ya muuguzi, halafu ana siku nzima ya kuwa mtu. Muhimbili walianza Februari 2011. Wapo watu wa Tanga miaka ile waliohamia Dar kwa ajili ya lile dirisha, wakalala kwa ndugu, wengine wakalala popote, mradi asubuhi wafike. Leo huduma ipo mkoani kwetu, na sisi tunaguna!

Nikamkuta asubuhi moja kando ya barabara, anauza machungwa ya Muheza. Anayamenya kwa kisu kidogo, ganda linatoka refu, moja, halikatiki. Mikono haitetemeki. Aliponiona akainamisha macho. Nikamwuliza, "Mangapi kwa elfu moja?" Akaniambia. Akanihesabia kwenye mfuko. Akaongeza moja.

Sufuria haikutajwa. Mpaka leo haijatajwa. Nanunua machungwa pale kila wiki, na kwa kipimo cha nyumba yetu yeye si soba. Kipimo hicho mtabaki nacho nyinyi.

Sasa niwape kisa cha mbali, si cha hapa. Kwenye mikutano yetu ya jioni kinasimuliwa mara nyingi, nami nakisikia nikiwa nachambua mchele.

Mwaka 1935, Marekani, mji wa Akron, jimbo la Ohio. Bwana mmoja, Bill Wilson, mtu wa New York, mlevi wa kupindukia, ana miezi michache hajagusa pombe. Amekwenda Akron kibiashara, biashara imevunjika. Yuko ukumbini hotelini, peke yake, mfukoni hamna kitu. Upande mmoja baa, watu wanacheka. Upande wa pili simu. Mnamwona? Wangapi hapa mmeshasimama kati ya baa na simu?

Akaenda kwenye simu. Akampigia mchungaji mmoja, akapewa majina, akaanza kuwapigia watu, mmoja baada ya mwingine. Anatafuta nini? Maombi? Nauli? Hapana. Anatafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye! Alishatambua kwamba akimhangaikia mlevi mwenzake, yeye hanywi. Akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, naye mlevi. Daktari akasema nakupa robo saa tu. Wakakaa masaa. Tarehe 10 Juni mwaka ule daktari alikunywa mara ya mwisho maishani mwake, na siku hiyo ndiyo wanayoihesabu kuwa mwanzo wa vikundi vyao vya walevi wanaosaidiana. Waraibu wa dawa nao wakaanzisha chao California mwaka 1953, na ndio utaratibu tunaoufuata kwenye mikutano yetu, wa kuhesabu leo tu.

Sasa mniambie: nani alimwokoa nani pale?

Mshauri wetu anasema wasomi nao waliliona. Anamtaja Mmarekani Frank Riessman, aliyeandika mwaka 1965 kwamba anayesaidia huponywa na ule msaada anaoutoa. Sawa. Mimi nimelionea jikoni.

Kwetu kuna zamu ya alfajiri. Saa kumi na moja, mtu anaamka kupika uji wa wageni wa arosto, maana huo ndio wakati mbaya kuliko wote: usiku umeisha, usingizi haukuja, na muadhini anaanza. Zamu hiyo anapewa mwenye wiki mbili na zaidi. Alikuwapo bwana mmoja, utingo wa malori ya Horohoro, mtu mzima, ana watoto. Siku ya kumi na tatu akafunga begi. Nimefika alfajiri namkuta kakaa nalo mlangoni, kandambili miguuni, anangoja kupambazuke. Na ndani kuna mgeni anatapika, na mwenye zamu ana homa.

Sikumwambia kaa. Nimeshajifunza. Nikamwambia, "Nishikie hiki kikombe kwanza, halafu uende."

Akaweka begi chini. Akaingia. Akamwinua yule kijana kichwa kwa kiganja, hivi, kama unavyomwinua mtoto mchanga. Akachota uji. Na akatia nusu! Hakuna aliyemwambia nusu. Alikumbuka mwenyewe, kifua chake kilikumbuka. Akaketi pale mpaka jua likapanda, anampepea kwa kifuniko cha ndoo. Begi likabaki mlangoni, watu wanaliruka, hadi saa saba mchana mtu akalirudisha uvunguni bila kusema neno.

Msipige makofi. Aliondoka baada ya miezi miwili. Alikokwenda sijui. Lakini siku ile hakuondoka. Wanatusema watu wa Tanga, waja leo waondoka leo. Basi na mimi nahesabu hivyo hivyo: leo yupo? Yupo. Nitie mchele.

Kuna jambo nitalipitia haraka kwa sababu linanitia haya. Nyumba yetu ni ya wanaume. Binti akiangukia kwenye unga, kwao humficha chumbani au humtoa nje usiku. Akija kwetu tunamwelekeza kliniki, basi. Kisa cha binti sina cha kuwapa, na viongozi mliokaa mbele nimewatazama makusudi.

La mwisho. Nalo ni la msiba.

Alikuwapo kijana tuliyemzika mwaka juzi. Alitoka kwetu, akakaa wiki, akakutwa asubuhi ameshapoa. Kwao ni hapa mjini, watu wa heshima. Nilikwenda msibani na mkoba wangu, nimekaa ukumbini na wanawake, sijulikani. Maneno yakawa yanapita chini chini, yule teja, yule aliyeuza milango ya nyumba ya babu. Mama yake kajiinamia. Miaka sita alikuwa hajakaa naye chakula kimoja.

Mtu akasema, huyu mama ndiye aliyekuwa akimpikia. Mama mtu akainua uso. Akaniuliza swali moja tu. Akaniuliza, "Alikuwa anakula?"

Nikamwambia anakula. Nikamwambia mwanao tangawizi kwenye chai alikuwa haiwezi, anasema inamwasha koo, kila siku ananiambia mama yangu niwekee pembeni kabla hujatia. Nikamwambia mkate wa ajemi alikuwa anaanza kwa kula pembe zake, katikati anaacha mwisho. Mama akacheka. Anacheka machozi yanatoka. Akasema, "Tangu mdogo! Tangu mdogo alikuwa anaanza pembe!"

Mnajua kilichotokea? Wakaanza wote. Shangazi akamkumbuka, dada akamkumbuka, jina lake likatajwa pale ukumbini, jina alilopewa na baba yake, si teja. Na nje nilipochungulia, jeneza linatoka, waliolipokea mabegani walikuwa vijana wa maskani. Mikono yote makovu, kanzu za kuazima, mmoja kofia haimtoshi. Wanapokezana vizuri, wanaitikia la ilaha illallah kwa sauti moja. Wazee wa mtaa walisimama pembeni kwanza. Kisha mzee mmoja akaingiza bega. Kisha wa pili.

Yule kijana hakupona. Kwenye ripoti yetu ya mwaka yuko kwenye safu ya walioshindwa. Lakini mama yake alipouliza alikuwa anakula, duniani alikuwapo mtu wa kumjibu. Mtu huyo ni mimi, kwa sababu nilikuwa namtia chai. Mkiniuliza maana nimeipata wapi, ni kwenye tangawizi iliyowekwa pembeni. Nyinyi wasomi mtalipanga vizuri zaidi.

Unga huu haukulimwa Muheza. Kwa miaka mingi umekuwa ukitoka kwenye mashamba ya afyuni Afghanistan, ukishuka pwani ya Makran, kule Iran na Pakistan, ukivuka bahari hii hii tunayoiogelea Raskazone. Wa kuuzuia wana sheria yao ya 2015 na boti zao, tunawaombea. Mimi boti sina. Nina jiko la kuni, na sufuria mpya, kubwa kuliko ile. Ina mnyororo, lakini ufunguo unaning'inia hapo hapo kwenye msumari. Mhasibu anapiga kelele kila siku kwamba mnyororo gani huo.

Vijana mnaotaka kujitolea, mtaibiwa. Mtatapikiwa. Jirani atakuuliza unapata nini kule. Na mshahara, wapo watakaowaeleza, mimi nikieleza mtaondoka.

Sasa naomba nimalize, jua limeshakaa vibaya na sijanunua mchele. Daftari liko mlangoni kwa yule binti wa kilemba cha kijani. Zamu za alfajiri za Jumanne na Ijumaa hazina watu. Mwenye kilo ya sukari aje nayo, tumebakiwa na ya kesho tu. Kesho hiyo tunampokea kijana kutoka Pangani, analetwa na kaka yake kwa basi la jioni, kwa hiyo kesho kutwa saa kumi na moja atakuwa ndani ya moto. Atakayeshika zamu ile aje na sweta, upepo wa bahari wakati ule si mchezo, na aingie kwa mlango wa jikoni, wa mbele unapiga kelele.

Asanteni sana.